Usimwite Mvivu Mtu Aliyefungiwa Njia

Mhubiri mmoja hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, aliniudhi Jumapili iliyopita, ingawa wengi waliitikia "Amina". Alianzia Wakorintho, akapitia presha na sukari, akaishia kwa wakimbizi: eti watu waliotoka Gety na vijiji vyake wanashinda wamekaa mbele ya vibanda vya turubai, miili inawalegea, na dawa ni moja tu, waache uvivu. Wazee wetu, akasema, walitoka Gety mpaka Bunia kwa miguu na hospitali hawakuijua. Kisha akapanda gari lake, akaenda kwake, mtaa wa pili tu kutoka kanisani.

Imani hii haiko madhabahuni peke yake. Utaisikia kwa muuguzi, kwa mwalimu, kwa mwenye duka: kwamba mwili kuchangamka ni moyo wa mtu, anayetaka atatembea. Uongo mtupu. Mguu wa mtu mzima hufuata njia. Njia ikiwepo, utatembea hata kama hupendi. Ikifungwa, uhubiriwe hadi usiku, utakaa.

Mama yangu mkubwa ni wa Gety, kilomita karibu 60 kusini mwa Bunia, kule Walendu Bindi. Alikuwa akiamka gizani, jembe begani, kikapu mgongoni kimeshikwa na kamba ya paji la uso, anapanda kilima, anateremka bondeni, analima maharage. Jioni anarudi na mihogo, na juu ya mihogo kuni. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima aushughulishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Yeye alizimaliza Jumatatu kabla ya kula. Wala hakuna aliyemhubiria. Shamba lilikuwa mbali, basi.

Leo yuko kwenye site, kambi ya waliokimbia, hapa mjini. Moyo ni ule ule, magoti ni yale yale. Ila mbele ya kibanda chake kuna kibanda, nyuma yake kuna choo, na baada ya choo kuna barabara. Alime nini hapo? Aende wapi?

Na waliobaki kule? Mwaka 2006 makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Gety kutoka vijiji vya jirani, jeshi likipigana na wanamgambo. Tarehe 28 Februari 2020 makubaliano ya amani na wanamgambo wa FRPI yakatiwa saini pale pale Gety, tukapiga makofi. Tangu siku hiyo, wanawake wangapi wameacha maharage yaozee shambani kwa kuwa njiani kuna mwenye bunduki? Mwambie mwanamke huyo atembee kwa ajili ya afya yake, uone atakavyokutazama.

Nilipoyasema haya, muumini mmoja alinijibu kwamba anayependa mazoezi hata ndani ya nyumba anaweza kuruka kamba. Kamba ipi, ndugu yangu? Ile inayoshikilia turubai? Aifungue aruke, paa limwangukie, watoto walale mvuani, afya iwe tele.

Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa wataalamu wa Shirika la Afya Duniani uliolinganisha nchi nyingi. Kuwait, watu wazima wasioushughulisha mwili vya kutosha walikuwa asilimia 67. Uganda, asilimia 5.5. Uganda hii hii ya ng'ambo ya Ziwa Albert, ambako samaki wa Kasenyi wanavuka bila pasi! Je, Mungu alipogawa bidii aliwamwagia Waganda akawasahau Wakuwait? Kule kuna joto kali na gari mlangoni. Uganda kuna shamba la mbali na maji ya kuteka. Mahali ndipo panapomtembeza mtu au kumkalisha.

Tazama mji wetu wenyewe. Boulevard ina lami, lakini lami ni ya magari na ya pikipiki. Mwenda kwa miguu amebanwa kati ya mtaro na meza za wauzaji, pikipiki zinampita kwenye kiwiko. Kiangazi anakula vumbi, masika anavua viatu. Giza likiingia, mwenye akili hatoki. Mzee mwenye presha ameambiwa na daktari atembee jioni. Atembelee mtaroni?

Na kwa kuwa tumefika mtaroni: Jumamosi tunaitwa kwenye salongo, kazi ya pamoja ya usafi, urithi wa Mobutu, tunazoa taka, tunazirundika kando, mvua inazirudisha zilikotoka. Sijaona hata salongo moja iliyotengeneza kijia cha miguu. Na magari meupe ya mashirika, yale yanayoleta mafunzo ya afya bora, yanaegeshwa wapi? Pale pale ambapo mtu angepita.

Kwa hiyo, mchungaji, ukitaka kukemea, kemea. Wakemee wenye bunduki walio kati ya Gety na mashamba yake. Wakemee wanaochora barabara bila kumwachia mwenda kwa miguu hata hatua moja. Hao ndio wanaokalisha watu. Mama yangu mkubwa mwache. Afunguliwe njia leo, na kesho asubuhi ukija kumhubiria uvivu hutamkuta.