Mchota Maji Asidharauliwe

Katika lugha yetu, mchezaji asimamaye kati ya walinzi na washambulizi huitwa kiungo. Jina hili halikutolewa ovyo. Kiungo ni pale mfupa unapokutana na mfupa. Goti likilemaa, paja na muundi havina safari hata vikiwa na nguvu namna gani. Kiungo vilevile ni kile kitiwacho chunguni kikapotea machoni, kisipotee ulimini. Mla pilau husifu nyama. Iliki na bizari hazitajwi mpaka siku zinapokosekana. Ndivyo ilivyo katika kandanda: mfungaji huimbwa, kiungo husahauliwa.

Dharau hii imewahi kumpotosha hata bingwa. Mwaka 1996, Eric Cantona, aliyekuwa akivuma katika klabu ya Manchester United, alimkejeli Mfaransa mwenzake, Didier Deschamps, kwa kumwita mchota maji, na kuongeza kwamba wachezaji wa namna yake hupatikana katika kila pembe ya barabara. Alikusudia kusema kwamba Deschamps hakuwa na madaha ya kuwapumbaza watazamaji. Kazi yake ilikuwa kunyang'anya mpira na kuwapelekea waliojua la kuufanyia.

Kwa hesabu ya mabao, Cantona hakukosea. Deschamps aliichezea timu ya taifa ya Ufaransa mechi 103 na kufunga mabao 4 tu. Lakini hesabu ya mabao si hesabu ya mchezo. Mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 24, aliiongoza Marseille kama nahodha ilipoilaza Milan 1-0 mjini Munich na kutwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Mwaka 1996 alilitwaa tena akiwa na Juventus. Mwaka 1998 aliinua Kombe la Dunia nyumbani kwao baada ya Brazil kufungwa 3-0, na miaka miwili baadaye akainua Kombe la Ulaya. Mabao manne, makombe makuu manne!

Hapa kwetu, tusi lile lingegeuka sifa. Katika nyumba ambayo mfereji wake umekauka, anayetangulia kuamka alfajiri na kurudi na mtungi ndiye anayewawezesha wengine kupika, kufua na kuoga. Hakuna anayempigia makofi, lakini siku asipokwenda kisimani moto hauwashwi.

Funzo kubwa zaidi, hata hivyo, limo katika maisha yake baada ya kutundika viatu. Deschamps alistaafu mwaka 2001 na papo hapo akakabidhiwa timu ya Monaco. Asidhani msomaji kwamba umaarufu wake ulimsafishia njia. Katika msimu wake wa kwanza, Monaco ilimaliza katika nafasi ya 15. Medali zote alizokuwa nazo hazikumpa hata alama moja ya ziada. Kujua ni jambo moja, kujulisha ni jambo jingine, na kila mwalimu aliyeingia darasani kwa mara ya kwanza akiwa na shahada yake mkononi anayafahamu machungu hayo. Ilimbidi ajifunze kazi mpya tangu mwanzo. Mwaka 2003 Monaco ilitwaa Kombe la Ligi, na mwaka 2004 iliwatoa Real Madrid na Chelsea na kufika fainali ya Ligi ya Mabingwa, ambako ilifungwa 3-0 na Porto.

Mwaka 2006, Juventus iliposhushwa daraja kwa sababu ya kashfa iliyohusu uteuzi wa waamuzi, Deschamps alikubali kwenda kuinoa katika ligi ya daraja la pili, ikiwa imekwisha kupokonywa alama hata kabla ya msimu kuanza. Akairejesha katika ligi kuu. Kisha akarudi Marseille na mwaka 2010 akaipa taji la ligi ambalo haikuwa imelishika tangu 1992. Mchota maji haogopi kina cha kisima.

Timu ya taifa aliyoipokea mwaka 2012 ilikuwa bado inauguza jeraha la fedheha. Miaka miwili kabla ya hapo, katika Kombe la Dunia nchini Afrika Kusini, wachezaji wa Ufaransa waligoma kufanya mazoezi, wakatolewa katika raundi ya kwanza. Vipaji vilikuwepo, kilichokosekana ni kiungo cha kuviunga. Hali haikuwa tofauti sana mwaka 2002, Ufaransa ilipokwenda kutetea taji lake ikiwa na wafungaji hodari wa ligi tatu za Ulaya, ikarudi nyumbani bila hata bao moja. Ni kweli kwamba Zidane alikuwa ameumia, na sitadai kwamba kustaafu kwa Deschamps peke yake kulileta msiba ule. Nadai tu kwamba rundo la mawe, hata yakiwa ya thamani, si nyumba.

Tazama basi alivyojenga. Katika Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi, mshambulizi wake wa kati, Olivier Giroud, hakufunga hata bao moja katika mashindano yote. Mashabiki wengi wangetaka aondolewe. Deschamps hakumwondoa, kwa kuwa aliona kazi wasiyoiona wao: Giroud alikuwa akiwashughulisha walinzi ili Griezmann na kijana Mbappé wapate nafasi. Mchota maji alimtambua mchota maji mwenzake. Ufaransa iliifunga Croatia 4-2 katika fainali, na Deschamps akawa mtu wa tatu kutwaa Kombe la Dunia kwanza kama mchezaji, kisha kama mkufunzi, baada ya Mário Zagallo wa Brazil na Franz Beckenbauer wa Ujerumani. Wakongwe hao wawili walifariki Januari 2024, wakipishana kwa siku mbili.

Wapo wasemao kwamba timu zake huchosha macho, nao hawasemi bure. Katika Kombe la Ulaya la 2024, Ufaransa ilifika nusu fainali kwa mabao mawili ya kujifunga ya wapinzani, penalti moja, na ushindi wa mikwaju dhidi ya Ureno. Wala si kila mara subira yake ilizaa matunda: mwaka 2016 alishindwa na Ureno katika fainali iliyochezwa nyumbani, na mwaka 2022 akashindwa na Argentina kwa mikwaju ya penalti. Lakini anayelaumu timu kwa kukosa madaha akumbuke kwamba fainali mbili mfululizo za Kombe la Dunia hazifikiwi kwa kubahatisha.

Ndugu walimu, neno hili linatuhusu sisi. Siku matokeo ya mtihani wa kitaifa yanapotangazwa, mtahiniwa bora hubebwa juu juu, na mwalimu wa darasa lake hutunukiwa zawadi. Nani humkumbuka yule aliyemshika mtoto huyo mkono na kumfunza kuandika herufi ya kwanza? Nani humtaja mwanafunzi wa wastani aliyewakusanya wenzake jioni wakadurusu pamoja? Shule inayowatuza wafungaji peke yao huwafundisha watoto wote kupiga mpira langoni, hata pale pasi moja ingetosha kumpa mwenzao bao.

Hata katika soka letu ushahidi upo. Miongoni mwa Wakenya waliofika mbali zaidi Ulaya ni McDonald Mariga, aliyekuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2010, na nduguye Victor Wanyama, aliyevaa jezi za Celtic, Southampton na Tottenham. Wote wawili walicheza kama viungo, watu wa kunyang'anya na kugawa. Hata hivyo, nenda kwenye uwanja wowote wa shule uwaulize wavulana wanataka kucheza nafasi gani.

Nawe mwanafunzi, usisikitike ukiwa hutajwi kwenye nyimbo za ushindi. Jifunze kuutazama uwanja mzima, umjue aliyechoka na aliye peke yake, umfikishie mpira kwa wakati. Elimu hiyo haizeeki miguu inapozeeka. Na walimu wanaopanga sherehe ya kutoa zawadi mwaka huu, watenge zawadi moja, hata ikiwa kitabu tu, kwa ajili ya mchota maji wa shule yao. Wamwite kwa jina lake, mbele ya wazazi, na waeleze alichokifanya.