Picha Safi Si Lazima Iwe Picha ya Kweli

Watu wanaponunua kamera au simu hutaka mambo mawili kwa pamoja: picha iwe safi, tena iwe kali. Picha safi ni ile isiyo na chenga, yaani vidoa vidogo vidogo vinavyotapakaa hasa penye giza. Picha kali ni ile inayotenganisha vitu vidogo vilivyo karibu karibu. Lakini sifa hizi mbili hushindana, na mbunifu wa kamera hana budi kuipunguza moja ili aipate nyingine. Maoni yetu ni kwamba simu za siku hizi zimeegemea mno upande wa usafi, na hasara yake humfikia mkulima.

Chenga hutoka wapi? Mwanga hufika kwa chembe ziitwazo fotoni, nazo huanguka kwa kubahatisha, kama matone ya mvua juu ya bati. Pikseli, yaani kila kijisehemu cha kamera kinachopokea mwanga, ikipata kwa wastani fotoni 10,000, idadi hiyo hupanda na kushuka kwa kiasi cha 100, ambacho ni asilimia 1. Ikipata 100 tu, mabadiliko huwa 10, yaani asilimia 10. Mwanafunzi atatambua kuwa kiasi hicho ni kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Basi mwanga ukipungua, chenga hudhihirika zaidi, hata kamera iwe ya thamani gani.

Mbunifu akitengeneza pikseli kubwa, kila moja hukusanya mwanga mwingi zaidi, lakini katika bamba lilelile zitaenea chache. Akirefusha muda wa kupokea mwanga, mkono ukitikisika picha hufifia. Kwa hiyo simu nyingi huiachia programu ichukue wastani wa pikseli jirani. Wastani wa pikseli 4 hupunguza chenga kwa nusu. Lakini alama yenye upana wa pikseli moja humezwa na jirani zake. Kisha programu hunoa kingo ili picha ionekane kali, ingawa kunoa hakurudishi kilichokwisha kufutwa.

Sasa tutazame mashamba ya viazi mviringo ya Njombe, nyanda zenye baridi na mawingu. Ugonjwa wa bakajani chelewa, ambao wakulima wengi huuita ukungu, husababishwa na kiumbe kidogo kiitwacho Phytophthora infestans, nacho hustawi penye ubaridi na unyevunyevu. Dalili yake moja ni utando mweupe mwembamba chini ya jani, pembezoni mwa baka. Tazama basi: hali ya hewa inayouneemesha ugonjwa ndiyo hiyo hiyo inayoinyima kamera mwanga. Mkulima akimpelekea bwana shamba aliyeko Makambako picha ya jani, huenda programu imekwisha kuufuta utando ule, ikidhani ni chenga.

Wako watakaosema kwamba chenga nazo zaweza kudhaniwa kuwa utando. Ni kweli. Hata hivyo, picha yenye chenga hujitangaza kuwa ina mashaka, na bwana shamba ataomba nyingine. Picha iliyolainishwa huficha mashaka yake, na ugonjwa huu haungoji: hali ikiuruhusu, huteketeza shamba katika siku chache. Wengine watataja njia ya kuunganisha picha kadhaa zilizopigwa mfululizo. Njia hiyo kweli hukusanya mwanga zaidi; lakini jani likipeperushwa na upepo, picha hazilingani.

Zipo simu zinazomruhusu mtumiaji kuhifadhi picha ghafi, kabla programu haijaigusa. Ruhusa hiyo isiwe anasa ya simu za bei kubwa. Iwe haki ya kila anayetumia kamera kutafuta ukweli. Nanyi walimu, jambo hili lafaa katika somo la fizikia. Wanafunzi wapige picha ya rula dirishani, kisha katika kona yenye giza, na wahesabu ni mistari mingapi ya milimita inayosomeka. Watajifunza kwamba kila kipimo kina mashaka, na kwamba mwanasayansi huyaonyesha mashaka hayo badala ya kuyapaka rangi.