SHULE NI ZETU, NA HESABU NI ZETU

Mtindo wa kutupiana lawama juu ya shule zetu umezidi kiasi. Mwalimu humlaumu mzazi, mzazi huilaumu Serikali, na mtoto hubaki ameketi chini ya paa linalovuja. Sisi twaona yafaa isemwe waziwazi nani ana kazi gani.

Kabla ya Uhuru nchi hii ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila kundi na fungu lake. Ubaguzi huo ulifutwa mwaka 1962. Mwaka 1964 ada ya sekondari ikaondolewa. Mwaka 1967 ikaja Elimu ya Kujitegemea. Na mwaka 1974 Chama, kilipokutana Musoma, kikaagiza kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyetimiza umri apate nafasi darasani. Kazi ile haikufanywa na wizara peke yake. Wananchi walifyatua matofali, wakachota maji, wakajenga.

Leo Wizara ya Elimu hutunga sera na kusimamia mitaala na ubora. Baraza la Mitihani, lililoundwa mwaka 1973, hupima. Lakini majengo, walimu na fedha za kila siku ziko mikononi mwa halmashauri, chini ya TAMISEMI. Wahenga walinena, manahodha wengi chombo huenda mrama. Hata hivyo hatusemi kazi zote arudishiwe mmoja. Anayefundisha si vema ajipimie mwenyewe, na aliye makao makuu hawezi kuliona paa la kijijini. Twasema tu kwamba yupo nahodha wa karibu zaidi ambaye tumemsahau, nayo ni kamati ya shule ya msingi, na bodi kwa sekondari. Humo wazazi wana viti. Je, wanavikalia?

Tuchukue habari ya fedha. Mpango wa kuendeleza elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002 ulikadiria ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Ilipofika Januari 2016, Waraka Na. 5 wa mwaka 2015 ulipoondoa ada hadi kidato cha nne, kiasi kilikuwa kile kile, ingawa bei ya chaki na karatasi haikusimama kuingoja ruzuku. Hapo Serikali haina budi kupima upya, nasi hatuoni haya kuiambia.

Lakini wapo viongozi wanaoziba pengo hilo kwa kuugeuza mchango wa hiari kuwa kodi, na mtoto wa maskini akarudishwa nyumbani. Huko ni kurudisha kwa dirishani ada iliyotolewa kwa mlangoni. Wapo pia wazazi waliolisikia neno "bila malipo" wakanawa mikono kama Pilato. Daftari, sare na chakula cha mtoto havikuondolewa katika wajibu wa mzazi. Wote wawili wanakosea, na anayeumia ni yule yule.

Jambo hili halingoji. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 umeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Kwa mpango huo, walioingia darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, pamoja na wale wa mwisho wa darasa la saba. Basi Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi kwenye mlango mmoja wa kidato cha kwanza. Vyumba vyao havitaota kama uyoga, wala walimu wao hawatapatikana kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo twatoa wito kwa kila mwanachama na kila mfanyakazi mwenye mtoto shuleni. Usiseme kazi imekubana. Nenda kwenye mkutano wa shule, uulize kwa adabu lakini bila woga: ruzuku iliingia lini? Ilikuwa kiasi gani? Imenunua nini? Vyumba vya mwaka 2028 vimefikia wapi? Kiongozi mwema hatakasirika, kwa kuwa jibu analo. Anayekasirika, huyo ndiye wa kuulizwa mara ya pili.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali iliyopo hapa si fedha tu. Ni watoto wetu.