Tusibomoe baraza za Tororo

Mvua ya Jumamosi iliyopita ilinikuta Tororo na magunia matatu ya mtama niliyotaka kuyavusha Busia. Nilikimbilia baraza ya duka kuukuu la Kihindi, lenye nguzo nene na paa la mabati lililotokeza hadi ukingoni mwa barabara. Tulijibanza pale wachuuzi, vijana wa boda boda na akina mama wenye watoto mgongoni. Mtama wangu haukulowa.

Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba duka hilo litabomolewa, lijengwe ghorofa la vioo.

Aliyenieleza ni mzee wa Kikalasinga. Alifukuzwa Uganda akiwa kijana mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Alirejea miaka ya 1990, serikali ilipowarudishia mali zao. Babu yake alikuwa fundi mwashi kutoka Punjab, kama wengi walioletwa kujenga reli kuanzia 1896.

Mzee alinionyesha picha katika simu yake. Alipokwenda kuhiji Lahore, Pakistan, aliingia ngome ya wafalme wa Mughal iliyo jirani na hekalu lao. Niliona ukuta uliopambwa kwa vigae vyenye picha za tembo na farasi, na ukumbi wa vioo uliojengwa enzi za Shah Jahan. Kisha akanionyesha bustani ya Shalimar, iliyojengwa 1641 hadi 1642, yenye ngazi tatu ambazo maji huziteremka kutoka moja hadi nyingine.

Lakini bustani hiyo nayo ilikumbwa na balaa. Mwaka 1999 matangi ya kale yaliyolisha chemchemi zake yaliharibiwa ili kupanua barabara. Mwaka 2000 UNESCO iliiweka ngome na bustani katika orodha ya urithi ulio hatarini, na zikakaa humo hadi 2012. Kubomoa ni kazi ya siku chache. Kurekebisha kulichukua miaka.

Silinganishi duka la Tororo na kasri la mfalme. Lakini waliojenga maduka yetu walijua jua na mvua za hapa. Dari liliwekwa juu ili joto lipande, na baraza ikampa kivuli hata asiyenunua kitu. Ghorofa la vioo litatupa nini? Mlinzi wa kutufukuza mlangoni.

Najua mwenye mali ana haki ya kupata faida. Basi na ajenge ghorofa nyuma, aache uso wa duka na baraza yake. Halmashauri za Tororo na Busia, pande zote mbili za mpaka, ziweke sharti hilo kabla ya kupitisha ramani yoyote.

Nanyi mliorejea, msiuze kwa haraka. Hati zinaweza kupotea uhamishoni, lakini jina la babu lililochongwa ukutani ni shahidi kwamba mliishi hapa. Nasi wachuuzi tusikae kimya tukidhani jambo hili ni la Wahindi peke yao. Baraza ile ndiyo ghala letu tusilolilipia kodi.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Masika yatakuja tena, na magunia yetu yatahitaji pa kujificha.