Bruce Lee hakutuachia mateke tu

Katika inchi yetu, hata mtoto ambaye hajaingia klabu ya karate anaweza kuiga sauti ya Bruce Lee. Mateke yake tuliyashika. Fikra yake tuliiacha ndani ya filme.

Lee alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka wa 1940, akakomalia Hong Kong. Huko mwalimu Ip Man alimfundisha Wing Chun, mchezo wa mikono ya karibu karibu. Mwaka wa 1964, mjini Oakland, alipigana na Wong Jack Man. Hadi leo watu wanabishana juu ya nani alishinda, lakini Lee mwenyewe hakufurahi: pigano lilikawia kuliko alivyotaka, na pumzi ilimpungukia.

Kisha akaanza kuchunguza. Mwendo wa miguu aliutafuta katika ngumi za Wazungu, akitazama filme za Muhammad Ali, yule yule ambaye Kinshasa ilimshangilia mwaka wa 1974. Katika mchezo wa upanga alichukua namna ya kumgonga adui palepale anapoanza kushambulia. Mwaka wa 1967 akaita kazi yake Jeet Kune Do, maana yake njia ya ngumi inayokatiza.

Wengine wanasema ni mchanganyiko tu, kama sombe ambamo kila mtu anatia anachotaka. Mimi ninakataa. Lee alikuwa anapunguza zaidi ya kuongeza. Kile ambacho hakikufaa mbele ya mtu anayejitetea kweli alikitupa, hata kama kilipendeza macho. Mwaka wa 1970 alifunga shule zake, akiogopa ya kwamba wanafunzi watashika mafundisho yake kama sheria.

Lakini vijana wasidanganyike. Lee alianza na msingi, chini ya mwalimu. Asiyejua kusimama hawezi kuchagua teke la kuacha.

Kwa hiyo, walimu wa klabu zetu za Goma, Bukavu na kwingineko, musiogope mwanafunzi anayeuliza: hii inasaidia nini? Mwalimu anayemkataza mwanafunzi kwenda kujifunza judo au ngumi kwa jirani halindi stili yake, analinda kiti chake. Na wewe kijana, uliza kwa heshima, kisha ujaribu. Jibu halipatikani ndani ya filme, linapatikana kwenye tatami.