Si Kila Mdudu ni Adui wa Mti

Neno "mdudu" tumelibebesha mzigo usio wake. Mwanafunzi akilisikia hukumbuka papo hapo uharibifu, maradhi na dawa ya kunyunyiza. Naye mkulima akiona kitu chenye mabawa juu ya mti wake hukitafutia sumu kabla ya kukitafutia jina. Mimi ni mtu wa isimu, si wa elimu ya viumbe, lakini nashikilia kwamba ufukara huu wa msamiati una gharama yake msituni.

Tutazame mti wa saipresi, ambao asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Hapa Kenya ndio nguzo ya misitu ya kupandwa, na ndio ua wa maboma mengi katika nyanda za juu. Mnamo 1986 kidukari wa jamaa ya Cinara alionekana Malawi. Kufikia 1990 alikuwa amekwisha kuingia kwetu. Alifyonza utomvu, majani yakageuka rangi ya kahawia, na miti ikakauka ingali imesimama. Mitarakwa yetu ya asili nayo haikusalimika.

Kunyunyizia dawa msitu mzima hakukuwa na maana wala fedha zake. Hivyo basi, katika miaka ya 1990, watafiti walimleta kutoka Ulaya nyigu mdogo aitwaye Pauesia juniperorum. Msomaji asimdhanie yule nyigu wa darini anayetuuma! Huyu hana haja na binadamu. Jike humdunga kidukari na kutia yai mwilini mwake; buu huanguliwa, humla mwenyeji wake kutoka ndani, kisha nyigu mpya hutoboa tundu la duara katika ganda lililobaki na kuruka zake.

Kiumbe huyu tumwite nani? Vitabu vya shule vina "kimelea", na mwanafunzi amefundishwa kuwa kimelea huishi kwa kumnyonya mwenyeji, aghalabu bila kumuua. Nyigu huyu huua daima. Hata hivyo, neno lenyewe linatokana na "mea" na "melea", yaani kumea juu ya kingine, na kwa asili hiyo linamfaa barabara. Napendekeza "kimelea-muuaji" mpaka atokee mwenye bora zaidi.

Kisa hakiishii hapo. Utomvu wa mti ni chakula duni, na vidukari huishi kwa hisani ya bakteria aitwaye Buchnera, anayewaundia viini vya protini visivyopatikana humo. Mama humrithisha mtoto bakteria huyo, na ushirika wao umedumu kwa zaidi ya miaka milioni 100. Kwa jamaa ya Cinara, Buchnera amepoteza baadhi ya stadi zake, hata bakteria wa pili akalazimika kumsaidia.

Wako pia bakteria walinzi. Mnamo 2003 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba vidukari wa njegere wenye bakteria aitwaye Hamiltonella defensa hunusurika, kwa kuwa buu la nyigu hufia tumboni mwao. Baadaye ikabainika kuwa ulinzi huo unategemea kirusi kinachoishi ndani ya bakteria mwenyewe. Kidukari, bakteria, kirusi: ngome tatu, moja ndani ya nyingine!

Kwa hiyo anayetaka kuagiza nyigu kutoka ng'ambo hana budi kuchunguza kwanza kidukari wake amebeba nini, asije akapeleka askari kwenye lango lililokwisha kufungwa. Na anayenyunyiza dawa ovyo kwenye ua wake ajue kwamba humuua askari pamoja na mwizi.

Walimu wenzangu, somo hili halingoji maabara. Mpeleke mwanafunzi kwenye ua wa saipresi na lenzi ya mkononi. Akibahatika kuliona ganda la kidukari lenye tundu la duara, atauliza mwenyewe ni nani aliyetoka humo; naye mwalimu wa Kiswahili awe karibu, maana jibu litahitaji maneno.