Tumbili Jikoni: Usikimbilie Sumu

Msomaji mpendwa, umewahi kuandaa chapati zako za Jumapili mezani, ukaenda kufungua mlango kwa sababu mgeni amebisha, na uliporudi ukakuta sahani tupu na mkia mrefu ukitokomea dirishani? Kama unaishi karibu na msitu wa Karura au City Park hapa Nairobi, au kule Diani pwani, najua unacheka. Lakini siku ya pili huwa hucheki tena, na kufikia siku ya tano unatafuta rungu.

Leo hata mimi sicheki. Mwezi uliopita, katika mtaa mmoja ulio karibu na msitu, bwana mmoja aliyechoshwa na tumbili alitia sumu ya panya kwenye vipande vya mkate na kuviacha chini ya ua wa michongoma. Asubuhi tumbili hawakuja. Aliyekuja ni mtoto wa jirani, wa miaka mitatu, akifuata mpira wake. Yaya alimfikia mkate ukiwa tayari mdomoni, akautoa, na mbio wakaelekea hospitalini. Mtoto yu mzima, tunamshukuru Mungu. Lakini mamake aliniambia kwamba tangu siku ile halali kabla ya kuinamia kitanda na kusikiza anavyopumua. Naye yule bwana aliapa kwamba alikusudia tumbili peke yao. Sumu, msomaji, haijui kusudi la mtu.

Tena sheria haikubali. Uwindaji ulipigwa marufuku humu nchini mwaka wa 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inamlinda hata yule anayekuibia ndizi. Kumwua au kumtega bila kibali ni kosa. Akizidi, anayepaswa kuitwa ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, ambalo limefanya kazi hiyo tangu mwaka wa 1990.

"Basi KWS waje na mitego, wawabebe wote wawapeleke Tsavo!" Maneno haya nimeyasikia mara nyingi. Si rahisi hivyo. Tumbili huishi kwa ukoo. Majike hukaa maisha yao yote katika kundi walimozaliwa, na madume ndio huhama wakikomaa. Kila kundi lina mipaka yake na huilinda. Ukiwachukua wachache ukawatupa ugenini, hawajui maji yalipo wala mti wa kulala, na wenyeji huwapokea kwa meno. Na kule ulikowatoa, maadamu chakula kingali kipo, wengine watahamia. Utakuwa umebadilisha wezi tu.

Wala usidhani utawatisha daima kwa sanamu ya shati kuukuu. Mwaka wa 1980, watafiti Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walieleza waliyoyaona kwa tumbili wa Amboseli. Wana mlio wa kutangaza chui, mwingine wa tai na mwingine wa nyoka. Wakisikia wa chui hupanda mitini. Wakisikia wa tai hutazama juu na kukimbilia vichakani. Wakisikia wa nyoka husimama kwa miguu miwili na kuchungulia nyasini. Mnyama wa akili hiyo hatachukua muda kugundua kwamba sanamu yako haina mkono wa kurusha jiwe.

Basi tufanyeje? Wahenga walisema nyani haoni kundule. Safari hii asiyeona ni sisi. Tumbili haji kwako kwa uchokozi. Anakuja kwa sababu tumemwandalia meza.

Kwanza, taka. Maganda ya ndizi na mabaki ya ugali kwenye mfuko wa plastiki uliotupwa kando ya lango ni mwaliko. Tumia pipa lenye kifuniko kinachofungwa kwa komeo au kamba ya mpira, na ulitoe nje siku ya gari la taka tu.

Pili, madirisha. Nondo hazitoshi, kwa kuwa tumbili mdogo hupenya katikati yake kama mwizi aliyetumwa. Weka wavu wa waya madirishani, hasa jikoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ninyi wanafunzi mnaoishi hosteli zilizo karibu na miti, msiache mkate dirishani mkaenda darasani.

Tatu, miti. Kata matawi yanayogusa paa, kwani hayo ndiyo daraja lao. Lakini yakiwa karibu na nyaya za umeme usijaribu mwenyewe, waachie wenye ujuzi. Kule Diani, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1997 kuwahifadhi mbega hukata matawi yaliyo karibu na nyaya ili wanyama wasipigwe na umeme. Pia limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili wavuke bila kugongwa na magari.

Nne, na hili ndilo gumu zaidi, tusiwalishe. Familia inaenda City Park, mtoto anamnyoshea kima njugu, baba anapiga picha, wote wanafurahi. Kima naye anajifunza kwamba mkono wa mtu ni sahani. Kesho atampokonya mtoto mwingine asiye na njugu. Wenye vioski nao wasining'inize ndizi mlangoni, na mandazi yakae kwenye kabati la kioo lenye kufungwa.

Na je, ukimkuta tayari yumo ndani? Usimfungie, wala usisimame kati yake na njia ya kutokea. Ondoa watoto, funga milango ya vyumba vingine, fungua dirisha au mlango wa nje, kisha kaa mbali. Usimkazie macho wala usimwonyeshe meno, kwa maana kwake hiyo ni vita. Akiwa ameshika mkate wako, mwachie. Mkate hauna thamani ya kidole.

Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15, kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yao, na dalili zake zikishaanza huwa hakuna tiba. Usingoje uone kama kidonda kitavimba.

Nirudi katika ule mtaa wetu. Baada ya kisa kile wakazi waliitana. Hawakumpeleka yule bwana kokote, ila walimwambia la kumwambia. Walichanga, wakanunua mapipa yenye komeo, na fundi akazunguka nyumba hadi nyumba na wavu wa waya. Aliyetoa mchango wa kwanza ni yeye.

Tumbili bado hupita asubuhi juu ya ukuta, mama na mwanawe kifuani, wakichungulia jikoni. Wakiona hapana kitu, huendelea na safari yao. Na yule mtoto hucheza mpira wake uani.

Tukutane Jumapili ijayo.